Majibu yangu Usenet hayaonekani. Modereta kanifungia au ni hizi heda?

#1 Kijana wa Makorora
Wakuu, salamu. Nimejiunga Usenet (mtandao wa zamani wa makundi ya mjadala) hivi karibuni kwa ajili ya makundi ya Linux. Natumia programu ya Thunderbird na seva moja ya bure. Kusoma nasoma vizuri, shida ni kujibu. Leo asubuhi nimejibu mada ya minicom (programu ya kuwasiliana na modemu au ruta kwa waya) iliyotumwa comp.os.linux.misc na comp.misc kwa pamoja. Programu ikasema imetumwa, kwenye folda ya Zilizotumwa ipo, lakini nikifungua kundi siioni. Jibu langu jingine la juzi lilionekana, ila limekaa peke yake kama mada mpya, halikuungana na posti niliyokuwa naijibu.

Mimi nahisi kuna modereta huko hapendi wageni, kanifungia kimyakimya. Jamaa mmoja kaniambia "tazama heda". Nimebonyeza Ctrl+U ikamwagika mistari kibao: Path, Xref, References, Injection-Info. Anayezielewa atupe darasa. Na zipi ninaruhusiwa kuzigusa mwenyewe?

#2 Mtaalamu Uchwara
Usenet bado ipo?? Mimi nilidhani ilizikwa kaburi moja na diski za floppy.

#3 Chausiku
Ipo. Kilichofungwa tarehe 22 Februari 2024 ni mlango wa Google Groups tu: waliacha kupokea na kutuma posti mpya za Usenet, za zamani zikabaki za kutafuta. Watu wakasikia "Google wameacha", wakaanza kuweka matanga. Usenet haina mwenyewe, ni seva nyingi zinazopeana makala.

Kwa mleta mada: hayo makundi mawili hayana modereta. Kundi lenye modereta, kama comp.os.linux.announce, posti yako hupelekwa kwake kwa barua pepe, akiikubali inaingia ikiwa na heda ya Approved. Hakuna Approved, hakuna modereta. Toa hilo kichwani kwanza.

#4 Kidato cha Sita
Kwa faida ya wasiojua, Usenet ilianzishwa 1969 na jeshi la Marekani.

#5 Mzee wa Modemu
Kidato, hiyo uliyoitaja ni ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Usenet iliwazwa 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, ikaanza kutembea 1980 kati ya Duke na chuo jirani cha North Carolina. Jeshi halikuhusika. Tena ilianza kwa sababu hawakuwa na ARPANET: kompyuta zilikuwa zinapigiana simu usiku.

Sasa darasa. Kila makala ina sehemu mbili, heda juu (mistari ya maelezo) na mwili chini, katikati mstari mmoja mtupu. Waraka unaotawala siku hizi ni RFC 5536 wa 2009 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti). Kabla yake ulikuwepo RFC 1036 wa 1987, na kabla ya huo RFC 850 wa 1983. Heda za lazima ni sita: From, Date, Newsgroups, Subject, Message-ID na Path. Nyingine zote ni za hiari, ingawa baadhi ya hizo za hiari ndizo zinazoleta ugomvi.

Path ndiyo ya kuanza nayo. Ni kama mzigo wa basi ambao kila wakala anauandika jina lake kabla ya kuupakia basi linalofuata. Kila seva inayopokea makala huongeza jina lake upande wa kushoto na alama ya mshangao. Kwa hiyo unaisoma kutoka kulia kwenda kushoto: kulia ilikozaliwa, kushoto kabisa ni seva yako wewe. Na si pambo. Seva ikiona jina la jirani tayari limo kwenye Path, haimpelekei tena, maana ameshaipata.

Message-ID ni kitambulisho, hakiruhusiwi kurudiwa dunia nzima. Seva mbili zikikutana moja inasema "nina hiki, unakitaka?", nyingine inapekua daftari lake. Ikikiona humo inakataa. Ndiyo maana makala moja haiingii mara mbili hata ikija kwa njia tano.

Kijana, bandika heda zako hapa. Bila heda tunapiga ramli.

#6 Kijana wa Makorora
Shikamoo Mzee. Hii ndiyo ya jibu langu, kutoka Zilizotumwa. Majina ya seva nimeyabadilisha:

```
From: Makorora <makorora@tanga.invalid>
Newsgroups: comp.os.linux.misc,comp.misc
Subject: Re: minicom
Date: Tue, 14 Jan 2025 04:12:09 +0300
Message-ID: <a7f30c91@tanga.invalid>
References: <vm3q8d$1b7c$1@seva.example>
User-Agent: Mozilla Thunderbird
```

Na hii ni ya posti niliyokuwa naijibu:

```
Path: habari.example!daraja.example!seva.example!.POSTED!not-for-mail
Newsgroups: comp.os.linux.misc,comp.misc
Followup-To: comp.misc
Subject: minicom
Date: Tue, 14 Jan 2025 05:31:40 +0000
Message-ID: <vm3q8d$1b7c$1@seva.example>
```

#7 Pwani Huru
Kesi imekwisha. Tazama Followup-To: comp.misc. Mwenye mada amesema majibu yote yaende comp.misc, wewe unatafuta jibu lako comp.os.linux.misc. Nenda kundi la pili utalikuta limekaa linakusubiri.

#8 Kijana wa Makorora
Pwani Huru, Thunderbird ilinibakishia comp.misc peke yake nikaongeza lile la Linux kwa mkono, kwa sababu ndiko ninakosoma. Ndiyo maana kwenye Newsgroups yapo yote mawili. Na comp.misc nimeangalia pia, sijaona.

#9 Fundi Nyaya
Marafiki, mbona hakuna aliyeangalia Date?

Posti ya kwanza ni 05:31 kwa saa za Greenwich. Kwetu Tanzania ni 08:31, yaani saa mbili na nusu asubuhi. Jibu la Kijana ni 04:12 na nyuma yake +0300, kwa Greenwich ni 01:12. Maana yake alijibu saa nne na dakika kumi na tisa KABLA swali halijaulizwa.

Kijana, ulituma saa ngapi?

#10 Kijana wa Makorora
Saa nne asubuhi na kitu.

#11 Fundi Nyaya
Na kompyuta yako inaonyesha saa ngapi muda huo?

#12 Kijana wa Makorora
Saa nne. 4:12. Mashine ni ya ofisini kwa mjomba, nimeikuta hivyo.

#13 Mtaalamu Uchwara
😂😂😂 Mjomba kaiweka kompyuta saa za Kiswahili! Jogoo akiwika saa kumi na moja kompyuta inasoma 11:00. Linux yenyewe haijui kama huko Tanga siku inaanza jua likichomoza.

#14 Bibi Tarakilishi
Mimi simcheki mjomba wa watu, ofisi nyingi ndivyo zilivyo. Ila Fundi, tusirukie. Saa kurudi nyuma saa sita haiwezi kuifanya seva ikatae makala. Kinachokataliwa ni tarehe ya mbele: RFC 5537 inataka makala yenye tarehe ya mbele kwa zaidi ya saa 24 ikataliwe mlangoni. Kwa nyuma wamelegeza zaidi. Seva zinazotumia programu ya INN, kipimo chake cha kawaida wakati wa kupokea kwa jirani ni siku 10. Kitu kilichochelewa saa sita kinapita bila mtu kugeuka.

#15 Fundi Nyaya
Sijasema ilikataliwa. Nasema IMEPANGWA vibaya. Kama ameipanga orodha kwa tarehe, jibu lake limeenda kukaa juu huko kati ya posti za usiku wa manane, yeye anatazama chini kwenye mpya. Apange kwa Received au kwa namba ya kufika, atalikuta.

#16 Mzee wa Modemu
Marahaba Kijana. Fundi na Bibi wote mmeongea kitu, lakini mmeruka jambo moja. Heda aliyobandika ya jibu lake HAINA Path. Heda ya lazima! Maana yake hiyo ni nakala ya nyumbani, kama ilivyokuwa kabla seva haijaigusa. Path huwekwa na seva. Kwa hiyo hatujui kama seva iliipokea, iliitupa au iliibadilisha. Nakala ya Zilizotumwa inathibitisha kwamba wewe uliandika, basi.

Ushahidi upo kwa njia moja: mtu mwenye seva nyingine aitafute kwa Message-ID.

#17 Kidato cha Sita
Labda ni hiyo .invalid. Seva imeona barua pepe ya uongo ikaitema.

#18 Chausiku
Hapana Kidato. .invalid ilitengwa rasmi kwa majina yasiyo ya kweli, RFC 2606 ya 1999, na watu huitumia ili wasiandike anwani halisi ikaokotwa na watuma spamu. Ukitumia .invalid kila mashine inajua hapa hakuna mtu. Kibaya ni kubuni jina la kikoa kama lako halafu kikawa ni cha mtu wa kweli. Spamu zote zinamwendea yeye. Wapo wenye seva wanaotaka anwani halisi wakati wa kujisajili, lakini hiyo inabaki kwao, haiingii kwenye From.

#19 Sungura Mjanja
Nimeitafuta hiyo Message-ID kwenye seva ninayolipia. IPO. Ila sikilizeni kioja: comp.misc naiona, comp.os.linux.misc siioni. Mnielezee hilo, wataalamu.

#20 Pwani Huru
Si nilisema! Followup-To.

#21 Bibi Tarakilishi
Pwani Huru, Followup-To haimgusi aliyekwisha kujibu. Inaiambia programu, wakati wa kuandaa jibu, "jaza Newsgroups hivi". Mtu akishaibadilisha kwa mkono imekwisha kazi. Seva haisomi Followup-To ya posti ya mwenzio ndipo iamue pa kukuweka wewe.

Na Sungura, unalolisema ni gumu. Krosposti ni makala MOJA. Haitumwi mara mbili, inahifadhiwa mara moja na kuonyeshwa kwenye makundi yote yaliyotajwa. Ukiiona moja, ya pili ipo, isipokuwa seva yako haina hilo kundi la pili.

#22 Sungura Mjanja
Kundi ninalo, nalisoma kila siku.

#23 Fundi Nyaya
Basi ni Xref. Sungura, kwenye orodha umeweka kuona zote au zisizosomwa tu?

Xref huandikwa na seva: jina la seva, kisha kila kundi na namba ya makala humo. Kitu kama `Xref: seva comp.misc:41207 comp.os.linux.misc:88213`. Programu nzuri ikikuona umeisoma comp.misc inatazama Xref na kutia alama ya "imesomwa" kwenye lile lingine, usisome kitu kimoja mara mbili. Wewe uliifungua comp.misc, ikajifuta comp.os.linux.misc. Weka "zote".

#24 Sungura Mjanja
Nimeweka zote. Bado.

#25 Fundi Nyaya
Una kichujio?

#26 Sungura Mjanja
Kila mtu ana kichujio 😅. Natumia programu ya slrn, na kwenye comp.os.linux.* nina sheria chungu nzima, nyingine sikumbuki nani alinipa.

#27 Bibi Tarakilishi
Basi ushahidi wako umeingia mchanga. Tunahitaji mtu asiye na kichujio.

#28 Bongo Ughaibuni
Nipo Minnesota, nimeingia huku baada ya kuona neno Path, nikakumbuka mbali.

Mnaozungumzia krosposti mjue tulivyoumia mtu alipoikwepa. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walitangaza huduma ya bahati nasibu ya Green Card kwenye maelfu ya makundi, kuanzia ya kompyuta hadi ya mapishi. Hawakukrosposti. Walituma kila kundi nakala yake yenye Message-ID yake. Kwa hiyo Xref haikusaidia kitu: unaisoma kundi moja, unaikuta tena lijalo, na lijalo. Kama wangeorodhesha makundi kwenye Newsgroups ya posti moja, programu ingeificha baada ya mara ya kwanza.

#29 Mtaalamu Uchwara
Yaani spamu kubwa ya kwanza ya biashara ilikuwa ya Green Card? Hawa watu wametusumbua tangu enzi hizo!

#30 Chausiku
Na dawa iliyotumika ilikuwa pia ya heda. Kuna heda ya Control, ukiandika `Control: cancel` na Message-ID ya makala, seva inaifuta. Wafutaji wa spamu walijiwekea utaratibu: Message-ID ya ujumbe wa kufuta inakuwa ileile ya spamu ikitanguliwa na `cancel.`, hivyo watu kumi wakifuta kitu kimoja unapita mmoja tu. Na kwenye Path walitia jina la bandia `cyberspam`. Mwenye seva asiyetaka kufutiwa anajiita naye cyberspam, majirani wakiona jina limo tayari hawampelekei. Kanuni ileile ya Mzee kwenye #5, imegeuzwa kuwa kitufe cha kukataa.

#31 Kidato cha Sita
Kwa hiyo yeyote anaweza kufuta posti ya yeyote??

#32 Chausiku
Zamani ndiyo, na iliharibu mengi. Watu walifutiana kwa chuki. Ndiyo maana seva nyingi siku hizi zinapuuza cancel. Waliokuwa bado wanaitaka walipata Cancel-Lock, RFC 8315 ya 2018: unaweka kufuli kwenye heda wakati wa kutuma, na ufunguo unautoa siku ya kufuta.

#33 Pwani Huru
Heh! Basi kumbe inawezekana mtu kamfutia Kijana jibu lake. Mleta mada hakukosea sana kuhisi hujuma.

#34 Bibi Tarakilishi
Inawezekana kama vile inawezekana nyani kakata waya. Nani aende kupoteza muda kufuta jibu la minicom?

#35 Mzee wa Modemu
Niseme kidogo kuhusu lile la juzi, lililokaa peke yake, maana limesahaulika.

Programu haiungi mada kwa Subject, ile "Re:" ni ya macho yetu. Inaunga kwa References: orodha ya Message-ID za waliotangulia, kutoka ya kwanza hadi ile unayoijibu. Ikiwa ndefu mno hukatwa katikati, ila ya kwanza na za mwishoni huachwa. Kijana, la juzi lina References?

#36 Kijana wa Makorora
Lina mbili, Mzee.

#37 Mzee wa Modemu
Basi jibu liko sawa, kinachokosekana ni mzazi. Ulipofungua kundi mara ya kwanza Thunderbird ilikuuliza upakue heda zote au 500 tu. Ukichagua 500, mzazi akiwa nje ya hizo, mtoto anaonekana yatima.

Na hili la kupakua heda peke yake halikuanza leo. Miaka ya tisini Dar simu ilikuwa inahesabu dakika. Unaunganisha, unavuta heda tu: Subject, From, Date, Message-ID, References, ukubwa na idadi ya mistari. Unakata simu. Unakaa na chai unapitia, unatia alama unazozitaka, unapiga tena kuvuta miili yake. Mtu mwenye Subject ya hovyo hasomwi, gharama! Hata baadaye tulipopata satelaiti hali ilikuwa ya kubana, mpaka waya wa baharini wa SEACOM ulipowashwa 2009. Siku hizi mnavuta kila kitu halafu mnalalamika takataka ni nyingi.

#38 Fundi Nyaya
Mzee nakuheshimu, lakini yatima hutokea pia mzazi akiwa amechujwa. Ukimpiga mtu kichujio, majibu yote kwake yanabaki yatima, na si lazima ziwe heda 500.

#39 Kijana wa Makorora
Sina kichujio chochote, sijui hata kinawekwaje.

#40 Fundi Nyaya
Kuna vichujio vya upande wa seva pia, wewe huvioni. Kabla ya Februari 2024 wenye seva wengi walikuwa wanatupa kila makala yenye Message-ID inayoishia `@googlegroups.com`, kwa sababu spamu nyingi ilipitia huko. Kama mzazi alikuwa wa huko kwenye mada ya zamani, kwako hajawahi kufika.

#41 Mwanaisha
Nimewasoma wote. Mimi swali langu ni la faragha. Kuna ndugu yetu alisoma Canada miaka ya tisini, alikuwa akibishana siasa soc.culture.kenya na soc.culture.african kwa jina lake kamili na chuo chake kwenye heda ya Organization. Juzi binti yake kazikuta. Mzee hana raha. Zinafutika?

#42 Bongo Ughaibuni
Pole naye. Ilikuwa hivyo, hatukuwaza. Tuliamini makala inakaa wiki mbili inafutwa na seva. Deja News, tovuti ya kutafuta posti za Usenet, ilipoanza kuhifadhi 1995 ndipo watu wakaanza kuandika heda ya `X-No-Archive: Yes`, yaani usihifadhi. Google ilinunua hazina hiyo 2001, ikaongeza na kanda za zamani za Chuo Kikuu cha Toronto zinazoanzia 1981. X-No-Archive iliheshimiwa na hao wakubwa, lakini ni ombi, si amri. Tena mtu akikunukuu kwenye jibu lake bila hiyo heda, maneno yako yamehifadhiwa ndani ya makala yake.

Hata mimi zangu zipo. Nashukuru jina langu la kawaida mno.

#43 Chausiku
Kuna faida yake pia. Tangazo la Linus Torvalds la kuanza kutengeneza Linux, kwenye kundi la comp.os.minix, tunalo kwa sababu ya hayo mahifadhi. Message-ID yake ni `<1991Aug25.205708.9541@klaava.Helsinki.FI>` na Date ni `25 Aug 91 20:57:08 GMT`. Tazameni: ile 205708 ndani ya kitambulisho ni saa ileile iliyo kwenye Date. Seva za enzi hizo zilitengeneza ID kwa kuunganisha tarehe, saa, namba na jina la mashine. Ukitilia shaka makala ya zamani unalinganisha hivyo viwili kwanza. Na mwaka ni tarakimu mbili, 91.

#44 Mtaalamu Uchwara
Angekuwa na kompyuta ya mjomba wa Kijana, Linux ingetangazwa kabla ya kuanza.

#45 Kidato cha Sita
Wakuu, hizi heda zinafanana na za barua pepe? Nimepokea barua "kutoka benki".

#46 Bibi Tarakilishi
Zinafanana kwa sababu zilifuata muundo wa barua pepe makusudi. Ila barua pepe haina Path, ina mistari ya Received, nayo mpya inawekwa juu, hivyo unasoma kutoka chini kwenda juu. Onyo moja kwa zote mbili: sehemu ya mwanzo wa safari mtumaji anaweza kuibuni. Kwenye Path mtu anaweza kutanguliza majina ya uongo upande wa kulia. Unaamini kuanzia seva yako ukielekea ilikotoka, mpaka ufike jina usilolijua. Hiyo ya benki fungulia uzi wake.

#47 Sungura Mjanja
Mimi nimerudi na kichujio changu. Nimekagua, kuna hii:

```
[comp.os.linux.*]
Score: -9999
  Xref: :.*:.*:
```

#48 Fundi Nyaya
😂 Hiyo inahesabu alama za nukta mbili (:) kwenye Xref. Kila kundi lina moja, ukitaka alama tatu unapiga chini krosposti ya makundi matatu au zaidi. Ya Kijana ni makundi mawili tu. Haiwezi kuwa hiyo.

#49 Sungura Mjanja
Seva yangu inaandika jina lake na namba ya mlango mwanzoni mwa Xref, `seva:119`.

#50 Fundi Nyaya
Duh. Basi alama zimekuwa tatu. Hapo inaweza kuwa hiyo. Lakini hilo linaeleza kwa nini WEWE huioni comp.os.linux.misc, halielezi kwa nini Kijana haioni popote.

#51 Mzee wa Modemu
Kijana, rekebisha saa kwanza, halafu tuma posti alt.test. Huko zamani kulikuwa na roboti zilizojibu kwa barua pepe zikikuonyesha heda zako zilivyofika, labda ipo iliyobaki.

#52 Chausiku
Mzee, roboti itamjibu kwa makorora@tanga.invalid?

#53 Mzee wa Modemu
Ah. Basi tuma tu, Sungura ataiangalia.

#54 Kijana wa Makorora
Nimerekebisha saa (mjomba hajafurahi). Nimetuma alt.test, naiona, ina Path na Injection-Date (saa seva ilipoipokea). Ile ya minicom bado siioni makundi yote mawili, hata nikipanga kwa namba ya kufika.

#55 Fundi Nyaya
Vizuri, saa ndiyo ilikuwa tatizo.

#56 Bibi Tarakilishi
Haijathibitisha kitu. alt.test haina Followup-To, si krosposti na hukujibu mtu. Umebadilisha mambo manne kwa mpigo. Rudia jibu lilelile kama posti mpya, makundi yaleyale, saa ikiwa sahihi. Usiitume ileile yenye Message-ID ileile: INN kwa kawaida inakumbuka vitambulisho siku 11, itakuambia ninayo.

#57 Pwani Huru
Na safari hii heshimu Followup-To ya mwenye mada. Usiongeze kundi.

#58 Bibi Tarakilishi
Akiheshimu tutajuaje kama ni saa au ni krosposti?

#59 Mtaalamu Uchwara
Jamani, posti hamsini na kitu na hakuna aliyemuuliza huyu kijana: hilo jibu la minicom lilisema nini?

#60 Kijana wa Makorora
Jamaa alikuwa anaandika lakini herufi haziingii kwenye kifaa. Nikamwambia aende kwenye mipangilio ya bandari, azime hardware flow control (udhibiti wa mtiririko wa data kwa waya).

#61 Mzee wa Modemu
Hapana kijana. Kwa waya wa nyuzi tatu wa kuingilia ruta, sawa, zima. Lakini akiwa na modemu ya nje ya kweli akizima hiyo atapoteza herufi kila kasi ikipanda. Alisema ni kifaa gani?

#62 Kijana wa Makorora
Hakusema, Mzee. Nilidhani ni ruta.

#63 Sungura Mjanja
Mimi naisoma hapa comp.misc posti ya huyo jamaa, alisema modemu.